Kulifufua Trekta la Zamani

(Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima)

Ninyi mlio darasani pamoja na mwalimu, sogeeni karibu na redio. Na wewe unayelisoma somo hili katika karatasi, soma pole pole, wala usione haya kurudia mstari. Mwisho wa somo utakuta maneno machache ya kukumbuka na maswali ya kujibu.

Leo tutazungumza juu ya mashine kuukuu: motokaa, lori, trekta, mashine ya kusaga, na vyombo vingine vya chuma vilivyozeeka. Wako watu duniani ambao furaha yao kubwa ni kuchukua chombo cha namna hii, kilichokwisha kutupwa, na kukirudisha kazini. Labda utauliza, "Kuna furaha gani katika chuma chenye kutu?" Swali lako ni la haki. Nitalijibu kwa habari za trekta moja ninalolijua vizuri, maana nililifungua kwa mikono yangu mwenyewe.

1. Trekta chini ya mkaratusi

Baba yangu mdogo alikuwa dereva wa trekta katika mashamba ya ngano ya Karatu, kaskazini ya Tanzania. Mwaka 1965 alinunua trekta lake mwenyewe, Ferguson la rangi ya kijivu. Halikuwa jipya hata siku ile aliyolinunua. Alilima nalo shamba lake, akalima na mashamba ya majirani, akabeba mavuno, akabeba mchanga wa kujengea. Mwaka uliofuata akambeba bibi harusi wake mwenyewe juu ya tela lililotandikwa majani ya migomba. Bibi harusi huyo ndiye mama yangu mdogo.

Baba mdogo alipofariki, trekta lilisimamishwa chini ya mti wa mkaratusi, likakaa hapo miaka 17. Kuku walitagia juu ya kiti chake. Manyigu walijenga ndani ya bomba la moshi. Tairi zilipasuka kwa jua, na kutu ikala kila mahali palipotoka rangi.

Siku moja akafika mnunuzi wa chuma chakavu, akataja bei yake kwa kilo. Wakati huo mjukuu wa mama mdogo alikuwa amepata nafasi katika shule ya bweni, na ilihitajiwa sare, godoro na sanduku. Mama mdogo akanipigia simu. Akasema, "Mwanangu, njoo uliage trekta la baba yako, maana Jumamosi linaondoka."

Nilikwenda ili niliage. Lakini nilipoweka mkono juu ya boneti, sikuweza. Nikamwambia, "Mama, nipe miezi mitatu. Likishindwa kuwaka, nitakupa mimi fedha ambazo angekupa yule mnunuzi."

Akaniuliza, "Na ukishindwa wewe, je?"

Nikamjibu, "Likishindwa lenyewe au nikishindwa mimi, fedha zako utapata." Mama akakubali, na kuhusu mahitaji ya mjukuu, ndugu tulichanga. Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka mkuukuu wa kuswalia. Mkuukuu, lakini ni wako.

2. Kusoma jina la mashine

Sasa sikilizeni vizuri, maana jambo hili linawahusu ninyi mnaojifunza kusoma. Kazi ya kwanza ya kufufua mashine si kushika nyundo. Kazi ya kwanza ni kusoma.

Kila mashine ina jina lake na namba yake. Namba hiyo huandikwa juu ya kibati kidogo, au hugongwa katika chuma chenyewe. Mimi nilichukua kitambaa na mafuta ya taa, nikasugua uchafu wa miaka 17. Pole pole zikatokea herufi mbili, T na E, na baada yake tarakimu. Herufi hizo ni alama ya aina ya trekta: T ni ya neno trekta, na E ni ya jina la Uingereza kwa lugha ya watu wa huko.

Kwa nini ni lazima kusoma namba hiyo? Kwa sababu fundi wa dukani atakuuliza. Matrekta mawili yaweza kufanana kwa rangi na umbo, kumbe injini zake ni mbali mbali. Ferguson la aina hii lilitengenezwa la kutumia petroli, likatengenezwa la mafuta yanayokaribia mafuta ya taa, na tangu mwaka 1951 likatengenezwa na la dizeli. Ukinunua kipuri bila kujua namba, utarudi nyumbani na chuma kisichoingia mahali pake, na fedha imekwisha kwenda.

Nilipata pia nakala ya kitabu cha trekta, kile alichopewa mnunuzi wa kwanza. Kitabu cha namna hii hueleza kila kitu: mafuta ya kutia, mahali pa kupaka grisi, na namna ya kuwasha. Likumbuke jambo hilo la kuwasha, maana nitalirudia.

3. Mtu aliyelibuni

Aliyelibuni trekta hili ni Harry Ferguson. Alizaliwa mwaka 1884 katika Ireland ya Kaskazini, mtoto wa mkulima. Alipenda mashine tangu ujana. Mwisho wa mwaka 1909 aliruka kwa ndege aliyoiunda mwenyewe.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alipewa kazi ya kuangalia matrekta ya kilimo ya serikali. Hapo akaiona hatari moja kubwa. Siku zile plau ilifungwa nyuma ya trekta na kuburutwa tu, kama ng'ombe aburutavyo gogo. Plau ikigonga kisiki au jiwe, ilikwama. Lakini magurudumu ya nyuma yaliendelea kusukuma. Basi sehemu ya mbele ya trekta iliinuka juu, na trekta zima likaweza kupinduka kinyumenyume, likamwangukia dereva. Watu waliuawa hivyo.

Ferguson aliifikiria shida hiyo miaka mingi. Dawa yake ilikuwa kuifunga plau kwa mikono mitatu ya chuma, miwili chini na mmoja juu. Pampu ya mafuta huinua mikono ya chini na kuishusha. Plau inapokutana na kizuizi, mkono wa juu husukuma mbele, ukazuia trekta lisiinuke. Kwa njia hiyo trekta jepesi likaweza kufanya kazi ya trekta zito, na dereva akarudi nyumbani mzima. Tazama matrekta mapya ya leo: mengi sana yana mikono mitatu ya namna hiyo hiyo.

Matrekta haya ya kijivu yalitengenezwa katika mji wa Coventry, Uingereza, tangu mwaka 1946 hadi 1956, nayo yalizidi 500,000. Yalilima katika nchi nyingi. Januari 4, 1958, Edmund Hillary na wenzake walifika ncha ya kusini ya dunia, penye barafu tupu, wakiendesha matrekta ya Ferguson yaliyovishwa minyororo juu ya magurudumu. Hillary ndiye yule aliyefika kilele cha mlima Everest mwaka 1953 pamoja na Tenzing Norgay.

Nilimweleza mama mdogo habari hizi. Nikamwambia, "Mama, ndugu wa trekta lako walifika mwisho wa dunia." Akanijibu, "Vema. Basi hili na lifike kwanza shambani."

4. Kwa nini mashine hufa?

Watu wengi husema mashine hufa kwa uzee. Mimi sikubali. Nitawapa mifano miwili kutoka nchi hii hii.

Mfano wa kwanza ni wa Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta mengi makubwa, na mengi kati yake yalikuwa yamekwisha tumika vitani. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Lakini ardhi ilikuwa ngumu, visiki vilikuwa na mizizi mirefu, vipuri havikutosha, na mafundi walikuwa wachache. Kabla ya mwaka ule kwisha mengi yalikuwa yamesimama, yameharibika. Mwaka 1951 mpango wote uliachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimepotea. Mpango ule ulikuwa na makosa mengi, lakini moja ni hili: chuma kilikuwa kingi kuliko mikono yenye kukijua.

Mfano wa pili ni wa meli katika Ziwa Tanganyika. Meli hiyo iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande. Mwaka 1916, Wajerumani walipoona watashindwa vita pale, waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka injini grisi nyingi, wakitumaini kwamba siku moja itainuliwa. Meli ikakaa chini ya maji hadi mwaka 1924. Ilipoinuliwa, injini zake zilionekana bado zafaa! Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya la Liemba, ikachukua watu na mizigo ziwani kwa miaka mingi sana.

Fikirini jambo hili. Matrekta ya nchi kavu yalikufa kwa miezi michache, na injini za meli zikaishi miaka minane chini ya maji. Tofauti yake si uzee. Tofauti yake ni grisi, na mtu aliyejua mahali pa kuipaka. Chuma huuawa na kuachwa.

5. Kazi yenyewe

Sasa nitaeleza tulivyofanya. Kama una mashine kuukuu nyumbani, mambo haya yatakufaa.

La kwanza: usitumie nguvu. Injini iliyokaa miaka mingi hushikana ndani kwa kutu. Watu wengine huifunga nyuma ya lori na kuivuta ili izunguke kwa lazima. Wakivuta hivyo huvunja pistoni. Sisi tuliondoa plagi zote nne, tukamimina ndani ya kila silinda mafuta ya dizeli yaliyochanganywa na oili, tukaziba kwa vitambaa, tukangoja. Kila asubuhi nilijaribu kuizungusha kwa hendeli, kwa nguvu ndogo tu. Siku ya kwanza haikusogea. Siku ya tano haikusogea. Siku ya kumi ilisogea kadiri ya upana wa kidole. Wasikilizaji, niliita watu waje kuona! Walikuja, wakaona injini imesogea kadiri ya kidole, wakanitazama usoni kama mtu mwenye homa. Lakini mimi nilijua kwamba injini haikufa.

La pili: andika. Hapa nitakiri kosa langu mwenyewe. Nilipoanza nilifungua kabureta, pampu ya maji na vitu vingine, nikatupa bolti zote katika debe moja. Nilijiambia, "Nitakumbuka." Nilipovirudisha, bolti tatu zilibaki debeni. Zilitoka wapi? Sikujua. Ilinibidi kufungua tena kazi ya siku mbili. Baada ya hapo nilinunua daftari. Kila kitu nilichokifungua nilikiandika: jina lake, mahali pake, na bolti zake ngapi. Bolti za kila kifaa nilizitia katika kopo lake, na juu ya kopo nikabandika karatasi yenye jina. Siku hizi watu hupiga picha kwa simu, na ni vizuri. Lakini picha haitakuambia kipi kilitangulia na kipi kilifuata. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

La tatu: safisha kabla ya kununua. Nusu ya ugonjwa wa mashine kuukuu ni uchafu. Tangi la mafuta lilijaa kutu kama unga wa ulezi. Rejeta ilijaa tope. Oili ya injini ilitoka nyeusi, na chini yake maji. Bomba la moshi lilizibwa na nyumba ya manyigu. Vyote hivyo tulivisafisha kwa brashi ya waya, mafuta ya taa na subira. Ndipo nilipojua ni vipuri gani vya kununua. Heri ni kwamba vipuri vya matrekta haya bado vinatengenezwa, kwa sababu yako mengi duniani.

La nne: linda mwili wako. Usiingie chini ya mashine iliyoinuliwa kwa jeki peke yake; weka magogo imara. Usivute sigara karibu na petroli. Vumbi la breki na klachi za zamani usilipulize kwa mdomo, maana vifaa vile vilitiwa asbesto, nayo huharibu mapafu. Lilowanishe kwa maji na ulifute kwa kitambaa cha kutupwa. Na ukizungusha hendeli, weka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, kisha vuta kwenda juu. Injini ikirusha hendeli nyuma, itakuponyoka tu. Ukiishika kama unavyoshika mpini wa jembe, yaweza kukuvunja mkono.

La tano: rangi ni ya mwisho. Mtu anayeanza na rangi ni kama anayemvika mgonjwa kanzu mpya badala ya kumpa dawa.

6. Siku ya kuwasha

Mwezi wa tatu ulipokaribia kwisha, tulikuwa tayari. Betri mpya, plagi mpya, petroli safi, oili safi, maji katika rejeta. Majirani wakaja. Nikafungua swichi, nikatafuta mahali pa kubonyeza ili injini iwake. Sikupaona. Nikafuata nyaya moja baada ya moja. Nikadhani nimesahau kifaa. Nikafungua daftari langu. Hapakuwa na kitu kilichobaki. Jioni ikafika, majirani wakaenda zao. Siku ya pili nikafanya vile vile, na trekta likanyamaza vile vile.

Mama mdogo alikuwa ameketi barazani, anachambua maharage. Alinitazama siku zote mbili wala hakusema neno. Mwisho akaniuliza, "Mwanangu, mbona huliwashi kwa ile fimbo ya gia?"

Nikasema, "Mama, gia ni ya kwendea, si ya kuwashia."

Akasema, "Mimi sijui kusoma. Lakini baba yako nilimtazama kila asubuhi miaka thelathini na zaidi. Alikuwa akikaa kitini, akiisukuma fimbo ile upande wake, na trekta likinguruma."

Nikachukua kitambaa, nikafuta grisi iliyokauka penye fimbo ya gia. Zikatokea tarakimu za gia. Na kando yake, peke yake, ikatokea herufi S. Ndiyo gia ya kuwashia! Ferguson alifanya hivyo ili trekta lisiweze kuwaka likiwa ndani ya gia ya kwenda, likamkanyaga mtu. Nilikimbilia kitabu changu. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa humo, wazi kabisa. Mimi, msomaji, nilikuwa nimeruka ukurasa.

Nikaketi kitini, nikasukuma fimbo penye S. Injini ikazunguka, ikakohoa, ikanyamaza. Nikasukuma tena. Ikakohoa, ikatoa moshi mweusi na vipande vya nyumba ya manyigu, kisha ikawaka, ikanguruma. Kuku walitawanyika. Majirani wakatoka mbio majumbani mwao.

Mama mdogo hakukimbia. Aliweka ungo wa maharage chini, akafika pole pole, akaweka kiganja juu ya boneti ili ausikie mtetemo. Akasimama hivyo kitambo. Kisha akasema, "Ni lenyewe." Hakusema neno lingine mpaka nilipozima.

Baadaye akaniuliza, "Na alama ile inaitwaje?" Nikamwambia, "Esi." Sasa huitambua kila mahali, hata juu ya mfuko wa sukari.

7. Hesabu na furaha

Sitaki kuwadanganya, wasikilizaji. Hesabu ya trekta lile haikuwa ya faida. Tairi, betri na vipuri vilikula fedha nyingi kuliko bei aliyotaja yule mnunuzi wa chuma. Msimu wa kwanza lilibeba magunia ya mahindi ya majirani kwa ujira, likarudisha sehemu tu. Kwa hiyo, kama una shida ya chakula au ya ugonjwa nyumbani, uza chuma chako bila haya. Na kama injini imepasuka, au vipuri vyake havipatikani tena, si aibu kuiacha. Pima kwanza, kisha amua.

Lakini kama unaweza kungoja, na kama mashine yako ni nzima chini ya kutu, basi ujue furaha utakayoipata. Motokaa nyingi za leo zina vifaa vya umeme ambavyo huwezi kuviona vinavyofanya kazi. Zikiharibika, fundi huzifunga kwanza katika chombo kingine kiseme ugonjwa. Mashine ya zamani haifichi kitu. Petroli huiona inakopita, cheche huiona inakoruka, maji huyaona yanakozunguka. Mtu mwenye spana chache, daftari na subira anaweza kuielewa yote, tangu rejeta mpaka tela. Kuielewa kazi yote ya chombo unachokitumia ni furaha ambayo siku hizi watu wengi hawaipati.

Furaha ya pili ni hii. Unapofungua bolti iliyofungwa na mtu aliyekufa, unaona kazi yake. Ndani ya trekta lile nilikuta kipande cha ngozi ya ng'ombe, kimekatwa kwa kisu na kuwekwa mahali pa gasketi. Baba mdogo alikosa kipuri, akakata ngozi, na trekta likalima. Nilikitoa, nikaweka gasketi mpya. Lakini kile cha ngozi sikukitupa. Kimo katika kopo lake, na karatasi yenye jina.

Na furaha ya tatu ni kwamba kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Mimi nilijua kusoma kitabu. Mama mdogo alijua kutazama. Kila mmoja peke yake angeshindwa. Kwa hiyo wewe unayejifunza kusoma leo, usidharau yale uliyoyajua kabla ya kushika kalamu. Yaandike. Na wewe uliyekwisha kujua kusoma, usiruke ukurasa.

Siku hizi mjukuu anaporudi likizo, ndiye anayeshika daftari la trekta. Huandika tarehe, oili iliyotiwa, na mahali palipopakwa grisi. Bibi yake hukaa karibu na kumwambia aliposahau.



Maneno ya kukumbuka

Chuma chakavu: vyuma vilivyoharibika vinavyouzwa kwa kilo.
Kipuri: kifaa cha kutia mahali pa kile kilichoharibika.
Hendeli: chuma cha kuzungushia injini kwa mkono.
Gasketi: kitu chembamba kiwekwacho kati ya vyuma viwili ili mafuta au maji yasivuje.
Rejeta: mahali maji ya injini yanapopozwa.

Maswali

1. Kwa nini mama mdogo alitaka kuliuza trekta?
2. Zamani plau ilipogonga kisiki, trekta lilipatwa na nini? Ferguson alifanya nini kuzuia hatari hiyo?
3. Kwa nini injini za meli ya Liemba hazikuharibika chini ya maji?
4. Msimulizi alikosea mara mbili. Yataje makosa yake.
5. Je, wewe ungeliuza trekta lile au ungelitengeneza? Toa sababu zako.

Kazi ya kuandika: Tafuta mashine moja nyumbani au kijijini kwako, kama vile cherehani, baiskeli, au mashine ya kusaga. Tafuta jina lake na namba yake, uziandike katika daftari. Kisha mwulize mtu anayeitumia akueleze jambo moja ambalo halimo katika kitabu, nalo uliandike chini yake.